Fundi baiskeli na gurudumu la Ferris

Mwaka 2019 nilikuwa Tanga, nachora kwa laptop ya mtumba na kitableti kidogo cha kuchorea chenye kalamu yake, na ndo nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, mchoro wa ukurasa mzima kwenye kijitabu cha watoto kuhusu bembea na michezo ya zamani ya viwanja vya burudani. Wakaniambia chagua mwenyewe cha kuchora. Sikufikiria mara mbili, nikasema nachora gurudumu la Ferris, yaani bembea kubwa la duara linalozunguka wima na watu ndani yake, lile la kwanza la Chicago la mwaka 1893.

Utotoni, kila Idi, lilikuwa linakuja bembea la mbao la duara, viti vinne, vijana wawili wanalisukuma kwa mikono, ukifika juu unaona mapaa yote ya mtaa halafu tumbo linabaki huko huko juu we unashuka. Nilipokuja kusoma kwamba msafiri mmoja wa Roma, Pietro Della Valle, alipanda gurudumu kama hilo Constantinople (Istanbul ya leo) mwaka 1615, watu wako kwenye sherehe za Ramadhani, na akaandika jinsi alivyofurahia kupandishwa na kushushwa kwa kasi, nilimwelewa kabisa. Yaani miaka mia nne, tumbo ni lile lile.

Sasa la George Ferris lilikuwa kitu kingine. Waandaaji wa maonyesho ya dunia ya Chicago walitaka kitu cha kushindana na mnara wa Eiffel, ambao Ufaransa waliuzindua 1889, na huyu injinia akawaletea gurudumu la chuma lenye urefu wa mita 80 hivi, vibehewa 36, kila kimoja kinachukua watu mpaka 60, linaendeshwa kwa mvuke. Ekseli yake, ule mhimili wa katikati unaolibeba, peke yake ilikuwa karibu mita 14 na uzito zaidi ya tani 40. Nauli senti 50 za dola, unazunguka mara mbili.

Nilichora kwa Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa vekta, yaani mistari inayohifadhiwa kama hesabu badala ya vidoti, maana mistari ya chuma inataka kingo safi hata ukizumu vipi. Hesabu ilinipa raha sana: duara ni digrii 360, vibehewa 36, kwa hiyo kila kibehewa digrii 10. Nikachora kimoja tu kwa uangalifu, madirisha, watu ndani wenye kofia zao, nikakiweka juu kabisa, nikanakili na kuzungusha digrii 10, 10, 10 mpaka duara likajaa. Mama akapita na chai, akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, hawa wa huku chini mbona wamekaa vichwa chini?"

Kweli. Kompyuta ilikuwa imezungusha mpaka abiria. Kibehewa kinaning'inia, gurudumu likizunguka chenyewe kinabaki wima, kwa hiyo kinachotakiwa kuzunguka ni mahali kinapokaa tu. Pale kwenye kupanga vitu kwa duara kuna kitiki cha kuzungusha kila kitu, nikakitoa, vibehewa vyote vikasimama. Hilo lilikuwa dogo.

Kilichonitesa siku tatu ni zile fito zinazotoka kwenye ekseli kwenda kwenye duara. Nikizichora nene, gurudumu linakuwa kama la mkokoteni, zito, halina uhai. Nikizichora nyembamba kama zilivyo kwenye picha za zamani, linaonekana litaanguka sasa hivi. Nikajaribu vivuli, nikajaribu rangi, nikaongeza leya (matabaka ya mchoro) juu ya leya, hamna.

Siku ya tatu umeme ukakatika, nikaona bora nipeleke baiskeli kwa fundi, ringi ya nyuma ilikuwa imepinda. Mzee akaipindua matairi juu, akawa anazungusha na kukaza spoki moja moja. Kila akimaliza anaigonga kwa kucha, inalia ting, anasikiliza, anaenda nyingine. Sijui kwa nini nikamuuliza.

"Mzee, hivi vijiti vyembamba hivi vinabebaje mtu na gunia la mkaa?"

Hakujibu. Akaokota spoki kuukuu chini, akaisimamisha kwenye saruji akaikandamiza na kiganja. Ikapinda pale pale. Akaokota nyingine iliyonyooka, akanipa ncha moja nishike, yeye akashika ya pili. "Vuta." Nikavuta. "Vuta kweli, kijana!" Nilivuta mpaka vidole vikaniuma, ile spoki haikusogea popote.

"Spoki haisimami," akasema, "spoki inavuta."

Nilirudi nyumbani natembea haraka karibu nakimbia, na umeme ulivyorudi saa mbili usiku nikafungua faili. Gurudumu la Ferris ni baiskeli! Nusu ya chini imening'inia kwenye ekseli kwa fito zake, na nusu ya juu imekaa juu ya hiyo nusu ya chini, ndo maana watu wa 1893 waliliangalia wakashangaa vipi nyuzi zile zinabeba. Basi nikazigawa leya mbili. Fito za chini nikazipa mstari mweusi, umenyooka kama uzi wenye jiwe, za juu nikazipunguza wino kidogo. Sikunenepesha hata moja. Na ghafla gurudumu likawa na uzito, likawa limeshikwa.

Kijitabu kilipotoka nikampelekea mzee nakala. Aliuweka ule ukurasa juani, akapitisha kidole chenye grisi kwenye fito za chini, taratibu, akaacha alama ambayo mpaka leo ipo. Akauliza liko wapi sasa hivi hilo gurudumu. Nikamwambia Ferris mwenyewe alifariki 1896, ana miaka 37, gurudumu likahamishwa, likapelekwa mpaka St. Louis kwenye maonyesho ya 1904, halafu 1906 wakalilipua kwa baruti wauze chuma.

"Baruti?" Akanirudishia kijitabu. "Wangefungua nati."