Baiskeli nne nyuma ya trela: bampa lilivyonishinda

Safari yetu ya kwanza kwenda hifadhi ya Itasca, kaskazini mwa Minnesota, Marekani, tukivuta trela la kulala kwa pikapu, tulisimama njiani kujaza mafuta. Mke wangu akazunguka nyuma, kisha akaniita: "Baba watoto, hebu njoo. Mbona baiskeli zimelala?"

Kweli, keria ya kubebea baiskeli, iliyofungwa kwenye bampa la trela, ilikuwa imeinamia barabarani. Nilidhani boliti zimelegea, nikachukua spana, nikakuta zimekaza vilevile. Kilichojipinda ni bampa lenyewe, na pale lilipochomelewa kwenye fremu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Bampa la trela la kulala linadanganya macho. Ni bomba la mraba la inchi 4 hivi, ukiligonga unasikia chuma. Lakini chuma chake ni chembamba, ndani ni tupu, na kwenye matrela mengi humo ndimo unamohifadhiwa mpira wa kumwagia majitaka. Sisi tulilitwisha baiskeli nne, moja ya umeme, pamoja na keria: karibu kilo 95. Trela likiwa limesimama, hazina shida. Likitembea, mkia ulio mbali na magurudumu unarushwa na kila shimo, na mzigo unaoning'inia nyuma unalisokota bampa kama mtu anayekamua nguo. Nikiwaza familia iliyokuwa kwenye gari nyuma yetu, mwili bado unanisisimka.

Tulizilaza baiskeli ndani, juu ya mablanketi, tukaendelea taratibu.

Tuliporudi nilimtafuta fundi wa kuchomelea. Alitambaa chini ya trela, akatoka, akakataa kabisa kuliimarisha bampa. Alichomelea chuma kizito kutoka ubavu mmoja wa fremu hadi wa pili, na katikati akaweka tundu la mraba la inchi 2 la kuchomeka keria. Keria nayo nilibadilisha, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ya gari dogo. Nilinunua iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kufungwa nyuma ya trela.

Fundi huyohuyo ndiye aliyeniuliza kuhusu pua, ile ncha ya mbele ya trela inayofungwa kwenye gari. Ukiongeza mzigo mkiani, pua ya trela inakuwa nyepesi, na trela lenye pua nyepesi huyumba likikimbia au likipitwa na lori. Pua inatakiwa ilalie gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Letu likijaa lina kilo 2,000 hivi. Tulipima uzito wa pua, tukapata kilo 170, pungufu. Nilimwaga maji ya tangi la nyuma, nikahamishia sanduku la vifaa mbele, na baiskeli ya umeme ikapanda kwenye pikapu. Tukapima tena: kilo 225.

Ilibaki namba ya trela, iliyozibwa na magurudumu ya baiskeli. Niliihamishia nje ya keria pamoja na taa yake.

Kiangazi kilichofuata tulirudi Itasca. Kila kituo nilishuka, nikashika gurudumu la baiskeli ya mwisho, nikalitikisa kwa nguvu. Trela zima lilitikisika nalo, kitu kimoja. Kesho yake watoto waliendesha hadi pale mto Mississippi unapoanzia, wakaegesha baiskeli, wakauvuka kwa kukanyaga mawe.