Kaa wa kusomesha

Saa kumi na mbili asubuhi niko soko la samaki, Mji wa Kale, kikapu mkononi. Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya upili hapa kisiwani, na leo Kidato cha Tatu wana uainishaji, yaani kupanga viumbe kwa makundi.

"Wa kula au wa kusomesha, fundi?" muuzaji akaniuliza.

"Vyote viwili, ami."

Akanichagulia kaa mmoja wa mikokoni, magando yamefungwa kwa ukili.

Saa mbili nilipanga meza. Nge anaishi kwenye chupa ya spiriti, amepauka zamani. Jongoo nilimwokota chini ya mwembe. Tandu sikumtafuta, mimi na yeye tunaheshimiana. Mende hawatafutwi, stoo ni yao.

Saa nne darasa likaingia. Kazi ilikuwa kuhesabu vipapasio: nge hana, mende na jongoo wana jozi moja kila mmoja, kaa jozi mbili. Hapo kwa kaa wakakwama, mpaka msichana mmoja akashika lenzi na kuinama karibu. Katikati ya macho akaviona: vidogo kama nyuzi, vinachezacheza kama vinaonja hewa. Wote wakataka lenzi.

Kisha swali: "Mende ni ndugu wa jongoo au wa kaa?"

Zamani wengi wangesema wa jongoo. Wote wawili wana jozi moja ya vipapasio na wanavuta pumzi kwa vitundu vya ubavuni. Lakini jeni 62 za spishi 75 za athropoda, kundi kubwa la hawa wote walio mezani, zilipolinganishwa, matokeo yakachapishwa 2010, mdudu wa miguu sita kama mende akaangukia upande wa kaa. Tena si jirani tu: wadudu wamechipuka ndani ya krustasia, kundi la kaa na kamba. Yaani kusema "krustasia" bila wadudu ni kama kuhesabu ukoo ukamruka mtoto mmoja na wajukuu zake kisa walihamia bara.

Mwalimu akakohoa: kwenye mtihani andikeni ngeli tano za athropoda, wadudu mbali, krustasia mbali. Sikumlaumu, mtihani ndio unaomlipia kodi. Ila yule msichana nilimwona akichora mshale kutoka kaa hadi mende, pembeni mwa daftari.

Alasiri ni kuosha trei, hakuna la kusimulia.

Saa mbili usiku kaa yuko kwenye tui la nazi. Mende akapita ukutani, mke wangu akavua kandambili.

"Mwache, ni jamaa wa huyu wa kwenye sufuria."

"Basi Baba Salma, na yeye nimtie nazi?"

Kandambili ikalia paa! ukutani. Mende alishaingia nyuma ya kabati.