Muscadet, chaza na samaki wa kupaka: meza yangu ya Nantes

Wageni kutoka nyumbani wakija kunitembelea hapa Nantes hutarajia niwafungulie chupa ya bei ya kutisha, maana si tuko Ufaransa? Mimi huwamiminia Muscadet, mvinyo mweupe wa huku, ambao chupa yake mara nyingi haifiki hata yuro kumi. Wakionja funda la kwanza huniangalia kwa mashaka: mbona kama maji yaliyokamuliwa ndimu? Nawaambia subirini chakula kifike. (Msiotumia kilevi mniwie radhi, ila ya samaki yanawahusu pia.)

Mvinyo huu unatoka jirani tu, kusini-mashariki mwa mji, kwenye vilima vya mito ya Sèvre na Maine. Zabibu yake ni Melon de Bourgogne, iliyoshika kasi huku baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi. Waholanzi nao walikuwa wateja wakubwa, wakitaka mvinyo mweupe mwepesi wa kukenekea brandi.

Dukani tazama kama chupa imeandikwa "sur lie". Maana yake mvinyo ukishachachuka haukuhamishwa. Uliachwa ukae juu ya mashapo ya hamira iliyokufa majira yote ya baridi, na chupa zikaanza kujazwa Machi. Mashapo hayo huupa unono kidogo, na mara nyingi hubaki na vijigesi vinavyochonyota ncha ya ulimi. Usiokuwa na maandishi hayo si mbaya, lakini mimi siununui.

Uweke kwenye friji, kisha utoe kidogo kabla ya kunywa. Nyuzi 8 hadi 10 zinatosha, ukiwa baridi zaidi ya hapo hutasikia kitu. Rangi ni hafifu mno. Puani utapata ganda la limau, tufaa bichi, pengine harufu ya mawe yaliyonyeshewa. Mdomoni ni mkavu, uchachu umesimama wima, na mwishoni kuna kitu kama chumvi. Hapo ndipo wengi wanapokosea kuuhukumu: wanautaka uwe kinywaji cha kunywa peke yake, wakati kazi yake ni ile ya ndimu kwenye sahani ya samaki.

Wenyeji huunywa na chaza wabichi, wangali hai kwenye magamba. Mimi mtoto wa Tanga nilizoea chaza waliopita motoni, kwa hiyo hilo lilinichukua muda. Lakini ukimeza chaza na maji yake ya bahari, kisha funda la Muscadet, utaelewa kwa nini watu hawa hawatafuti mvinyo mwingine. Kome ni rahisi zaidi: kaanga vitunguu vidogo kwa siagi, mimina glasi ya mvinyo huohuo, tia kome, funika hadi wafunguke. Mimi huongeza tangawizi na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka. Jirani yangu Mfaransa alinuna, kisha akaomba aongezewe.

Kwa vyakula vyetu, changu wa kukaanga na pweza wa kuchoma wanakubali kabisa. Kileo cha Muscadet ni asilimia 12 hivi, na hiyo ni faida, maana kileo kikali huichochea pilipili. Kachumbari usiizidishie siki, la sivyo uchachu utakutana na uchachu na vyote viharibike.

Samaki wa kupaka, hapana. Tui zito linaumeza Muscadet wote, unabaki na glasi ya maji. Hapo fuata mto Loire kuelekea juu hadi Vouvray, eneo jingine la mvinyo, utafute chupa ya "demi-sec", yenye utamu kiasi. Utamu huo unashikana na tui, na uchachu wake unakata mafuta. Zabibu yake ni Chenin, ambayo kwao ni bonde hilihili la Loire, na wengi wetu hatujui kwamba inalimwa pia Dodoma. Tumezoea kuusema mvinyo wa Dodoma kana kwamba wote ni ule mtamu wa sherehe za harusi.

Anayekuja Ulaya karibuni anibebee chupa moja ya Chenin ya Dodoma, iliyo kavu. Nitaiweka kando ya Vouvray, na kupaka nitapika mwenyewe.