Dinosaria kwa watoto: nilianza na wachimbaji, si na meno

Kitabu cha kwanza cha dinosaria kiliingia nyumbani kwetu Sakina kutoka kwenye vitabu vya mtumba mjini Arusha. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada limeshachoka, na karibu kila ukurasa una Tyrannosaurus ametumbua macho, meno nje, damu ikichuruzika. Kijana wangu, aliyekuwa akikaribia kuanza darasa la kwanza, alikipenda papo hapo. Mdogo wake wa kike, miaka minne, kila alipokikuta mezani alikifunika kwa kanga.

Kilichomvuta huyu mdogo ni ukurasa wa mwishoni kabisa, ambao kaka yake alikuwa akiuruka. Watu wamelala kifudifudi kwenye vumbi, mmoja ameshika brashi anapangusa mfupa. "Mama, wanaupiga mswaki?" Ndiyo, wanaupiga mswaki. Tukakaa hapo hapo jioni ile: kofia za nini, maji yao wameweka wapi, nani anawapikia. Tangu hapo nina utaratibu wangu wa kuchagua vitabu vya namna hii. Nafunua kwanza nikitafuta watu. Kama kitabu kizima ni madubwana yanayong'atana, nakirudisha; kama kuna mtu amepiga magoti na nyundo au brashi, naanza kuulizia bei.

Majina sihangaiki nayo. Watoto huyadaka wenyewe kama kasuku, na ndani ya muda mfupi watakusahihisha wewe. Kigumu ni kuwafanya waulize watu wamejuaje. Kwetu swali hilo lilikuja lenyewe, kutoka kwa kijana: "Nani alimwona?" Hakuna aliyemwona, baba. "Sasa walijuaje ni wa kijani?" Nikamwambia kijani kile mchoraji amekisia. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kukipekua kitabu kizima kama hakimu. Meno? Yamepatikana. Urefu? Mifupa imepimwa. Mngurumo? Kisio. Huo ukawa mchezo wetu, na naona umewafaa kuliko ukurasa wowote wa maelezo. Maelezo yenyewe hata siyatafsiri. Nasoma kimoyomoyo, halafu naisimulia picha kwa Kiswahili chetu cha nyumbani.

Jinsi mfupa unavyogeuka kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyokuwa kama jiwe, tuliifanya jikoni. Mnyama anakufa karibu na maji, tope linamfunika kabla wala mizoga hawajammaliza, matabaka yanalaliana juu yake, maji yenye madini yanapenya kwenye vitundu vya mfupa na kuacha madini humo. Kwa mdomo tu haya hayaeleweki. Nilikata sponji ya vyombo umbo la mfupa, tukaifukia kwenye beseni la mchanga, tukamwagia maji ya moto yaliyokolezwa chumvi, tukaacha ikauke juani. Ikatoka ngumu, imekakamaa. Mdogo alitaka kuiosha nayo vyombo ili kuhakikisha.

Vitabu vyote tulivyopata vilikuwa vya dinosaria wa Marekani na kwingineko. Baba yao ndiye aliyedakia siku moja akiwa anakunywa chai: kwani hawa watoto hawajaambiwa habari za yule mjusi wa Tendaguru, ambaye wabunge hawachoki kumdai arudishwe kutoka Ujerumani? Hawakuwa wameambiwa. Kitabu cha picha cha Kiswahili kinachomhusu sikukipata madukani, basi tukatengeneza cha kwetu: picha za kuchapisha steshenari, gundi, na daftari kubwa la michoro.

Simulizi yenyewe inatosha kitabu. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa ikiwa imejitokeza ardhini kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji mkubwa pale, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini sururu zilishikwa na mamia ya watu wetu. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na huyu ndiye nilimpa ukurasa wa kwanza wa daftari letu. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mifupa ilifungwa kwa udongo na fito za mianzi isivunjike njiani, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Watoto walichora mstari wa wapagazi ukajaza kurasa mbili, ukaendelea kwenye jalada.

Yule mjusi mwenyewe, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin, mita 13.27 kwenda juu. Namba hiyo haimwambii mtoto kitu. Tulinyoosha kamba uani, ikavuka geti, ikaenda kuishia kwenye migomba ya jirani, ambaye alitoka kuuliza kama tunapima kiwanja. Twiga wanamjua, wamewaona Hifadhi ya Arusha. Twiga wawili wakubwa mmoja juu ya mwingine bado hawamfikii kichwani.

"Mbona walimchukua?" Hapo sikumung'unya maneno. Wajerumani walikuwa wanatutawala, vita vya Maji Maji vilikuwa vimetoka tu kuzimwa huko huko kusini, na hakuna aliyeomba ruhusa kwa wenyeji. Mtoto wa miaka sita anaelewa kabisa maana ya kitu cha kwako kuwekwa kwa mtu mwingine. Wazazi wenzangu wengine huona mambo hayo ni mapema mno. Mimi naona mapema zaidi ni ile damu ya Tyrannosaurus.

Muda ndio uliotusumbua kuliko vyote, kwa sababu kwa mtoto "zamani" ni pamoja na bibi yake. Tulitoka kwenye barabara ya mtaa, hatua moja miaka milioni moja, tukianzia getini. Kabla hatua ya pili haijatimia tumeshamfikia Zinjanthropus, yule zamadamu wa Oldupai. Hatua ya nne kabla hujaikanyaga sawasawa, nyayo za zamadamu wa Laetoli. Mlima Kilimanjaro ukaanza kujengeka hapo hapo karibu. Halafu tukatembea, tukatembea, hadi hatua ya 66, mwisho wa Tyrannosaurus. Kwa wale wa Tendaguru, kama hatua 150, tulipita duka la Mangi na bado. Kijana akasimama, akahesabu, akaja juu: kumbe Tyrannosaurus yuko karibu na sisi kuliko na Kentrosaurus wa Tendaguru! Ni kweli. Tulivyorudi ndani alichukua kitabu kimoja chenye dinosaria wote wamekunywa maji kwenye bwawa moja, akakipiga mstari.

Makumbusho ya Elimu Viumbe, pale Boma la Mjerumani mjini, niliwaambia mapema kwamba hatuendi kuona dinosaria bali chimbuko la binadamu, ili pasiwe na kilio. Pale nikawahadithia Mary Leakey, aliyeliona fuvu la Zinjanthropus Julai 1959 mume wake akiwa kambini anaumwa, yeye ametoka na mbwa wake. Mdogo alikuwa ameshasikia kutoka kitabu kingine habari za Mary Anning, binti wa Uingereza aliyekuwa na miaka kama 12 alipofukua kisukuku cha mtambaazi wa baharini, na ambaye pia alitembea na mbwa. Mary wawili, wote na mbwa. Kwa hesabu zake, kifaa cha kwanza cha mchimbaji ni mbwa. Bado anamdai.

Uani kwetu tunachimba, ila niliwaambia ukweli: udongo huu ni wa volkano ya Meru, mlima mchanga mno, dinosaria humu hakuna. Tunafukia mifupa ya kuku iliyochemshwa na kuanikwa. Sheria ni mbili. Haivutwi, inapanguswa kwa mswaki wa zamani hadi ionekane yote. Na kabla ya kuitoa, inachorwa jinsi ilivyolala. Mdogo huongeza kopa kila mchoro, tangu nilipomwambia kuna dinosaria wa bonde la Rukwa, Mnyamawamtuka, aliyepewa jina mwaka 2019, mwenye mfupa wa mkia unaofanana na kopa.

Sasa tunajiandaa kwenda Oldupai, na ilibidi niseme mapema kwamba kule hakuna kuokota. Mfupa ukihamishwa kabla haujaandikwa ulikokuwa, umepoteza nusu ya habari zake, na kuchimba visukuku bila kibali Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza. Kijana aliuliza kama sheria hiyo inagusa na mifupa ya kuku. Haigusi.