Saa nane usiku, vocha sifuri

Jamani, juzi nusura nizimie. Wifi yangu mimba miezi minane, maji yakamtoka saa nane usiku. Kaka yuko safarini, simu yangu haina hata senti, chaji asilimia 9. Mama anazunguka uani na kanga begani, anataja majina ya watu wenye gari, wote hawapokei.

Nikakumbuka bango la zahanati: m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, piga 115, bure. Nikapiga bila salio, ikaita! Dada wa upande wa pili mtulivu kama anauza duka. Mimba ya ngapi? Damu inatoka? Kituo gani kipo karibu? Kilichonishinda ni kueleza nyumba. "Ukipita mashine ya kusaga, kuna mwembe, sisi mabati mekundu." Usiku huo nani anaona wekundu?

Ambulansi haikuja. Lilikuja gari la jirani wa kijiji cha pili, yule anayebeba vitunguu mnadani, kumbe ni dereva aliyesajiliwa. Nikauliza nauli, akacheka: analipwa kwa simu akishatufikisha.

Mtoto kilo 2.3, wa kike, mbishi tayari.

Sasa aibu yangu. Kile kibao cha namba ya nyumba tulichopewa kwenye anwani za makazi, 2022, mama anafunikia ndoo ya maji. Leo nimekipigilia ukutani, na chini yake nimeandika kwa mkaa: 112 polisi, 114 zimamoto, 115 mjamzito. Mama amenuna, anadai mfuniko wake.