Tangi la bomba la inchi 3: ninavyosafisha filamu za kamera kubwa mchana kweupe

Filamu za inchi 4 kwa 5 wengi huzisafisha (yaani huzitoa picha kwa dawa) kwenye trei, gizani mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa filamu nyingi za nyeusi-nyeupe za leo zinaona rangi zote na hata taa nyekundu inaziunguza. Kwangu Dodoma hilo ni gumu. Nyumba ni ya bati, mwanga unapenya kila pembe, na ukiziba matundu yote mchana chumba kinageuka tanuri. Nikaamua giza niwe nalo kwa dakika chache tu za kupakia filamu, usiku, stoo isiyo na dirisha. Kazi iliyobaki naifanya barazani nikiona saa na kipimajoto.

Tangi ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, chini kimezibwa kwa gundi, juu kina mfuniko wa kufungua. Mzingo wa ndani ni kama sentimita 23 na filamu ina upana wa sentimita 10, kwa hiyo mbili zinajikunja ukutani bila kupandana, upande wenye utando unaonasa picha ukitazama ndani. Kati yake na bomba natandika wavu wa plastiki wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Usiuache huo wavu. Filamu ikigandamana na bomba, dawa haifiki mgongoni na rangi iliyopakwa huko kiwandani inabaki madoa madoa.

Mfuniko ndio wenye kazi. Dawa inaweza kukata kona, mwanga hauwezi. Nimeunganisha elbo mbili za nusu inchi, moja ikigeukia huku, nyingine kule, na ndani nimemimina rangi ya ubao wa shule kisha nikaimwaga. Ni nyeusi isiyong'aa. Rangi inayong'aa ingeurusha mwanga kona hadi kona. Fundi bomba aliyenikatia aliuliza, "Kaka, sasa hewa itatokea wapi?" Akaniongezea njia ya pili nyembamba, nayo ina kona zake. Sijapata ushauri mzuri kuliko huo: hewa ikikosa pa kutokea, dawa inaingia kwa kububujika na picha inatoka na michirizi.

Kabla ya kutia filamu, weka tochi inayowaka ndani, funga, kaa gizani macho yazoee, kisha kagua kila kiungo. Bomba lenyewe pia lipake rangi nje, maana plastiki nyeupe hupitisha mwanga.

Joto nililitatua kwa mtungi. D-76, dawa inayoitoa picha kwenye filamu, kwa kawaida hupimiwa muda kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba hapa mchana hupita hapo mbali. Hewa yetu kavu inayanyonya maji yanayochuruzika kwenye udongo, na mtungi unapoa. Nimetenga mmoja wa kutumbukizia chupa za dawa, si wa kunywa. Asubuhi za Juni na Julai sihitaji barafu kabisa.

Namimina mililita 300 za D-76, naziba njia zote mbili kwa vizibo vya mpira, nalaza tangi na kulibiringisha mezani mfululizo. Kwa kuwa halipumziki, napunguza muda kama asilimia 15. Kisha siki nyeupe ya kuisimamisha D-76, sehemu moja kwa nne za maji, halafu fiksa, dawa inayoifanya filamu isiathiriwe tena na mwanga. Fiksa ikimaliza kazi, nafungua mfuniko juani bila wasiwasi.

Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, yakikaukia kwenye negativu yanaacha alama nyeupe. Nasuuza kwa maji hayo, lakini suuzo la mwisho ni la maji ya mvua niliyoyakinga masika na kuyachuja kwa kitambaa. Zinaning'inia bafuni, sakafu ikiwa imemwagiwa maji kwanza ili vumbi litulie, na kwa ukavu wa hapa hazichelewi kukauka.