Sant Climent de Taüll: anza na paa

Wengi wanaofika Taüll, kijiji cha milima ya Pirenei huko Katalunya, hukimbilia altare kumtazama Kristo aliyechorwa juu yake. Ukitaka kulielewa jengo lenyewe, inua macho kwenye mbao.

Kanisa la Sant Climent lilitabarukiwa tarehe 10 Desemba 1123 na Askofu Ramon wa Roda-Barbastro; habari hiyo iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo ya ndani. Kesho yake akatabaruku Santa Maria, kanisa la pili la kijiji hichohicho. Ndani ni kumbi tatu sambamba, zimetengwa kwa nguzo za mviringo, zote chini ya paa moja la mbao lililoezekwa mawe bapa. Kuba la mawe lingesukuma kuta nje, na mafundi wangelazimika kuzinenepesha. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, hushusha uzito wima, ndiyo maana nguzo hazikuhitaji unene mkubwa. Gharama yake ni matengenezo: paa likivuja, ncha za boriti zilizozama ukutani ndizo huoza kwanza. Mawe yamefunika absida tatu tu, yaani sehemu za nusu duara mwishoni mwa kumbi, kwa nusu kuba, kwa sababu ukuta uliopinda huhimili msukumo wenyewe.

Mnara wa kengele una ghorofa sita juu ya kitako chake. Tazama mikanda yake: vijitao vidogo, na juu yake mawe yaliyopangwa kiupande kama meno ya msumeno. Huo ni mtindo wa waashi wa Lombardia, kaskazini mwa Italia.

Michoro ilibanduliwa kati ya 1919 na 1923, baada ya ile ya Santa Maria de Mur, kanisa jingine la Katalunya, kuuzwa; hiyo baadaye iliishia Boston, Marekani. Mafundi wa Kiitalia walipaka gundi ya wanyama, wakabandika vitambaa vya pamba, wakasubiri. Gundi ikikauka hujikunja na kung'oa ngozi nyembamba ya rangi. Vitambaa vikaviringishwa na kupelekwa Barcelona. Lakini rangi iliyopakwa kwenye lipu mbichi huzama ndani, kwa hiyo mabaki yakasalia ukutani, na kwa miaka mingi yalifichwa na nakala. Mwaka 2013 nakala ikaondolewa, na sasa taa huonyesha mchoro mzima juu ya ukuta. Onyesho ni zuri, ila fika kabla halijawashwa: hapo ndipo unatofautisha rangi ya 1123 na mwanga.